Kipindupindu, homoni na kitanda chenye tundu: ushauri kwa watu trans wa Goma

Janga la saba la kipindupindu duniani lilianza 1961 na bado halijaisha. Sisi tunaoishi Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, tunalijua kwa karibu. Kwa mtu trans, yaani ambaye jinsia anayoishi si ile aliyopewa alipozaliwa, hatari kubwa ni kuchelewa. Anaharisha tangu alfajiri, anaogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu, anasubiri giza liingie ndipo atoke. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache. Panga mambo haya ungali na nguvu.

Anza na dawa. Wanawake trans wengi humeza spironolaktoni kupunguza kazi ya testosteroni (homoni ya kiume), mara nyingi miligramu 100 hadi 200 kwa siku. Ni dawa inayokojoza: inatoa maji na chumvi, lakini inabakiza potasiamu. Ukiharisha na kutapika, presha inashuka, figo zinakosa damu ya kutosha, na potasiamu ikirundikana moyo unaweza kupiga ovyo. Acha vidonge hivyo siku ileile, uvirudie ukishakula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, nayo ina potasiamu, lakini usiikatae kwa sababu hiyo, maana kuharisha kwenyewe kunaitoa nyingi mwilini na ukosefu wa maji ndio unaoua kwanza. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Pakiti zikikosekana, weka katika lita moja hiyohiyo vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi hapo.

Sasa kitanda. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini yake, na mgonjwa hulala bila nguo ya chini. Hapo ndipo wengi wetu huogopa, na hofu hiyo ina haki yake. Beba vitenge viwili, kimoja kikilowa kingine kikufunike. Mwambie muuguzi mmoja, mapema: «Nakunywa spironolaktoni miligramu 100 na estradioli (homoni ya kike), mara ya mwisho jana asubuhi. Naomba nifunikwe.» Maneno hayo yanatosha; huna deni la kueleza maisha yako. Yaandike pia kwa Kifaransa, maana fishi (karatasi za hospitali) za wagonjwa hujazwa kwa Kifaransa, na huenda ukafika huwezi kusema. Atakayekulinda hospitalini awe anajua jina unaloitwa na lile la kwenye kadi ya uchaguzi. La sivyo, ataulizia getini mtu ambaye hawamwoni kwenye daftari.

Akiba ya homoni ni jambo lingine. Mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, ulifungwa kwa muda mfupi Agosti 2019 wakati wa Ebola, ukafungwa tena Machi 2020 wakati wa Covid. Ukiweza, weka dawa za miezi miwili. Zikiisha, usizibe pengo kwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye ethinili estradioli: vinaongeza hatari ya damu kuganda, na homa, upungufu wa maji na kulala kitandani vinaizidisha. Kukosa homoni wiki chache kunachosha na kunaumiza roho, lakini hakuui. Ila aliyetolewa korodani au ovari asikae miezi bila homoni, mifupa yake itadhoofika. Wala usirudishe dozi zilizopotea kwa kumeza mara mbili.

Testosteroni ya sindano haihitaji friji, kwa hiyo umeme kukatika si tatizo; ikiwa na chembechembe, pasha chupa kiganjani mpaka ziyeyuke. Sindano usiazimane na mtu hata siku moja: VVU na homa ya ini B na C hupitia hapo. Anayebana kifua ili matiti yasionekane aondoe kibanio akianza kukohoa au kuhema kwa shida, na asilale nacho.

Kwa mpox (homa ya nyani), Goma ndiko chanjo ilikoanzia nchini Oktoba 2024. Ni dozi mbili, wiki nne kati yake. Virusi vilivyomo haviwezi kuzaliana mwilini, ndiyo maana hata anayeishi na VVU hupewa, na homoni huna haja ya kuziacha ili uchanjwe.