Turbo ipi kwa mafuta ya sheli? Maswali yenu na majibu

Swali: Fundi, nina Subaru Impreza WRX, injini EJ20 ya lita 2, bado na turbo ya kiwandani TD04. Nataka nguvu ya farasi 350 na situmii mafuta mengine zaidi ya ya sheli. Vijana wa gereji wanasema nifunge turbo kubwa ya Garrett, GT3076R, ili nisinunue mara mbili. Niko Nairobi.

Jibu: Kaka, usiinunue. Ni turbo nzuri sana, lakini turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa, na lita 2 hazina moshi wa kutosha kuizungusha mapema. Utakanyaga, usubiri mpaka mshale wa mizunguko ya injini upite 4,000 kwa dakika, na nafasi uliyoiona Thika Road itakuwa imeshafungwa.

Anza na hewa. Kwenye injini ya petroli, pauni moja ya hewa kwa dakika huzaa takriban farasi 10. Farasi 350 ni pauni 35. GT3076R hupuliza hata kufikia 50, yaani unalipia hewa ambayo petroli yako haitakuruhusu kuitumia. Maana ukiwa na mafuta ya sheli, kinachokuwekea mpaka ni injini kugonga. Hewa ikisukumwa na turbo hupata joto, pistoni ikiibana huzidi kupata joto, na mchanganyiko wa hewa na petroli ulio pembeni mwa silinda hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia.

Halafu kuna mwinuko, ambao mafundi wengi wanausahau. Dar es Salaam hewa ya nje ina mgandamizo wa baa 1 hivi. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni karibu baa 0.82. Ukitia busti (mgandamizo ambao turbo huongeza juu ya ule wa hewa ya nje) ya baa 1 Dar, turbo inaizidisha hewa mara 2. Busti hiyohiyo Nairobi ni mara 2.2, na ukitaka injini ipate hewa sawa na ya Dar lazima utie baa 1.2, yaani mara 2.5 hivi. Turbo inazunguka kasi zaidi na kuitoa hewa ikiwa ya moto zaidi. Kwa hiyo turbo ndogo inayotosha Mombasa inaweza kuishiwa pumzi Limuru, na hilo ndilo linalonifanya nisikushauri ubaki na TD04.

Mimi ningefunga TD05, kubwa kidogo kuliko TD04 yako, yenye feni ya 16G, au ile kubwa zaidi ya 18G kama uko tayari kuisubiri kidogo. Ongeza intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, ekzosi ya inchi 3, nozeli na pampu ya mafuta ya kutosha, kisha kompyuta ya injini ipangwe upya juu ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Lenga farasi 280 hadi 300. Najua si 350 uliyoomba, lakini pistoni za EJ za kiwandani haziwezi kuvumilia kugonga. Majuzi nilifungua moja: silinda ya nne, ukingo ulio kati ya ringi umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Plagi yake nilipoiweka chini ya taa ilikuwa na vitone vya fedha kwenye kauri nyeupe. Ile ni aluminiamu ya pistoni. Mwenye gari alikuwa amesikia mlio kama kokoto kwenye kopo kwa wiki mbili, akadhani ni ekzosi.

Swali: Wamarekani mtandaoni wanapata nguvu nyingi kwa petroli ya oktani 93, na hata sisi tuna 93. Mbona fundi wangu anakataa kunipa busti yao?

Jibu: Fundi wako yuko sahihi, mshukuru. Oktani ni namba inayoonyesha petroli inavyostahimili kugonga, na namba ya pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo vyake viwili, RON na MON. Huku kwetu tunahesabu RON peke yake. Ile 93 yao ni kama RON 98. Wajapani nao, gari nyingi za mbio unazozinunua kwao zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa kama RON 100. Gari imeshuka bandarini, mafuta yake yamebaki Japani.

Na hapo sijagusa uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, oktani inaporomoka na busti iliyokuwa salama jana inagonga leo. Nunua sheli moja unayoiamini, na mwambie anayepanga kompyuta aache akiba.

Swali: Toyota Mark II yangu ina injini ya 1JZ-GTE ya turbo mbili. Nikiongeza busti kidogo tu, kuna ubaya?

Jibu: Upo. Zile turbo zake mbili ndogo, CT12A, zina feni za kauri upande wa ekzosi. Joto na busti vikizidi, hupasuka. Ukitaka zaidi ya ilivyotoka kiwandani, weka turbo moja yenye feni ya chuma. 1JZ ni lita 2.5, kwa hiyo ina moshi wa kuzungusha turbo ambayo kwenye EJ20 ningeikataa.

Swali: Nanunua turbo ya Garrett GT2860RS. Nyumba ya moshi nichukue 0.64 au 0.86?

Jibu: Namba hiyo huonyesha ukubwa wa njia ya moshi ndani ya nyumba ya turbo; ndogo hubana zaidi. Kwa lita 2 barabarani, 0.64. Kwa lita 2.5, 0.86. Nyumba ikibana sana moshi unarudi nyuma, unabaki ndani ya silinda ukiwa wa moto, na tumerudi kwenye kugonga.

Swali: Nimepata TD05 iliyotumika, Kirinyaga Road. Nitajuaje kama ni nzima?

Jibu: Omba kuishika. Bana ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kwa turbo ya aina hii, kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili. Ivute na kuisukuma: ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi, iache. Pitisha kidole kwenye ncha za feni ya hewa, zisiwe na meno. Angalia ukuta wa nyumba kama feni imewahi kuukwaruza. Oili nyingi upande wa moshi, iache pia.

Ukiipeleka kwenye Subaru, fungua boliti za paipu ya oili. Katika injini nyingi za turbo, ndani ya boliti mojawapo kuna kichujio kidogo cha wavu kinachozibwa na masizi ya oili iliyokaa sana. Turbo ya mwanzo huenda ilikufa kwa sababu hiyo, na ukiacha wavu ulioziba, hii ya pili nayo itakufa. Badilisha wavu, badilisha oili, na kabla ya kuwasha zungusha injini kwa stata bila plagi kutoa moto mpaka taa ya oili izime.