Densiti: chora chembe kabla ya kushika kikokotoo

Wadogo zangu mnaoanza Kidato cha Kwanza hapa Mtwara, kanuni ya densiti mtapewa mapema: tungamo gawanya kwa ujazo. Kuikariri ni kazi ya dakika moja. Mimi nawaomba mchore chembe kwanza, yaani vipande vidogo mno vinavyounda kila kitu, maana katika madaftari ninayosahihisha, mchoro ndio unaonionyesha nani ameelewa.

Kinachowaangusha wengi ni kimiminika. Mango, yaani kitu kigumu kama jiwe, wanaichora chembe zimebanana, gesi zimetawanyika, halafu kimiminika wanakiweka katikati, chembe zimeachanaachana. Sivyo. Katika kimiminika chembe bado zimekaribiana sana. Kilichopotea ni mpangilio, ndiyo maana zinapitana na kutiririka. Pengo kubwa liko kati ya kimiminika na gesi.

Tazameni gesi yetu ya Mnazi Bay, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Katika joto na kanieneo ya kawaida, mita moja ya ujazo ya methani haifiki hata kilo moja. Ipoze hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, inageuka kimiminika, na nafasi ileile inabeba zaidi ya kilo 400. Ujazo umepungua kama mara 600. Ndiyo sababu mradi uliopangwa Likong'o, Lindi, ni wa kuifanya gesi kimiminika: meli itabeba nyingi kwa safari moja. Na chembe ni zilezile. Msiandike kamwe kwamba "zimesinyaa" au "zimevimba". Kilichobadilika ni nafasi baina yake.

Barafu nayo isiwachanganye. Ni mango, lakini huelea, kwa kuwa maji yakiganda chembe zake hujipanga zikiacha uwazi katikati. Densiti yake ni gramu 0.92 kwa sentimita ya ujazo, wakati ya maji ni 1. Mpangilio ndio unaoamua, si jina la hali.

Uzito wa kila chembe nao una sehemu yake, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, chembe nzito kuliko za hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Fungueni milango, na hewa ipite hadi chini kabisa.