Kutoka Amsterdam hadi Lisbon: Saa za Kwenye Tiketi Zisikuchanganye

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tiketi yako ya kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, kwenda Lisbon inaonyesha kuondoka 09:30 na kufika 11:35, ilhali ya kurudi inaondoka 13:00 na kufika 16:55, kana kwamba safari ya kurudi ni ndefu maradufu.

Umbali ni uleule, takriban kilomita 1,850 kwa mstari ulionyooka, na kila upande ndege huchukua kama saa tatu. Kinachokuchanganya ni kwamba Ureno iko nyuma ya Uholanzi kwa saa moja, na kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika; kwa hiyo ukienda ongeza saa moja, ukirudi punguza moja, nawe utapata saa tatu na dakika tano za kwenda, na saa mbili na dakika hamsini na tano za kurudi. Kurudi huwa kwepesi kidogo kwa sababu pepo za juu huvuma zaidi kutoka magharibi.

Muda huo unajumuisha pia mwendo wa ndege ikiwa ardhini, ambao Schiphol si mdogo hata kidogo, hasa ndege ikitumia njia ya kurukia na kutua iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa 2003 mbali kabisa na jengo la abiria.

Kama unatokea Dar es Salaam, pasipoti yako itakaguliwa Amsterdam, si Lisbon, kwani nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kati yao. Nakusihi usiunganishe ndege kwa chini ya saa mbili, maana foleni ya asubuhi ni ndefu.