Sumu hutuama au hulimbikana?

SWALI: Niliandika “Sumu zimetuama kwenye mchanga wa bahari.” Mhariri akabadilisha: “Sumu zimelimbikana kwenye mashapo ya sakafu ya bahari.” Kosa langu ni lipi? Tena, niseme kemikali “sugu” au “za kudumu”?

JIBU: Mhariri ana haki, ingawa “tuama” haistahili kutupwa. Kinachotuama ni kile kinachoshuka maji yakitulia: tope, vumbi, mabaki ya viumbe. Kemikali kama DDT (dawa ya kuua wadudu) na PCB (kemikali za viwandani zilizotumika kwenye vifaa vya umeme) haziyeyuki vizuri majini. Hung’ang’ania chembe laini, hasa zenye mabaki ya viumbe, zikashuka nazo. Basi chembe ndizo zinazotuama. Sumu zimepanda mgongoni tu. Mwaka hadi mwaka tabaka huja juu ya tabaka, na hapo ndipo “limbikana” inapofaa, kwa kuwa inabeba maana ya kidogo kidogo hadi kuwa kingi, kama madeni au mishahara isiyolipwa. “Rundikana” ningeiepuka. Inaleta picha ya lundo linaloonekana, na sumu hizi hazionekani.

“Mchanga” nao unapotosha. Punje zake ni kubwa na hazishiki sumu nyingi, ilhali mashapo laini huzishika sana. Mashapo ni yale yale ya chini ya chombo cha kinywaji, ila hapa chombo ni bahari.

Kuhusu swali la pili, mimi nachagua “sugu”. “Za kudumu” inanukia mkataba wa ajira, tena inadai kwamba kemikali hazitaisha kamwe. Huisha, ila polepole mno, kwa sababu mwanga na bakteria hazizivunji kwa urahisi. Usugu ndio huo. Katika rafu ya bahari (sakafu ya kina kifupi kando ya pwani) ya Palos Verdes, karibu na Los Angeles, Marekani, DDT iliyopitia mabomba ya majitaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 bado imo kwenye mashapo. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, ulioanza na kemikali 12, unahusu kundi hili hili, na “vichafuzi sugu vya kikaboni” ni jina linalolitosha.

Jambo dogo la mwisho: “chini ya bahari” huweza kueleweka kuwa popote ndani ya maji. Ukitaka pale mashapo yalipo, andika “sakafu ya bahari”, kama alivyofanya mhariri wako.