Twende Istanbul mwezi gani? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya Istanbul yamekuwa mengi na karibu yote yanauliza kitu kimoja, niende lini. Naelewa kwa nini, ndege ya moja kwa moja ipo kutoka Dar, Zanzibar, Nairobi, na watu wetu wengi safari yao ya kwanza nje ya Afrika siku hizi inaanzia huko. Niseme tu mapema msimamo wangu ili mjue majibu yanatoka wapi: usianze na bei ya tiketi, anza na kile utakachokifanya mchana. Mji ule unatembewa kwa miguu na kwa feri, kwa hiyo upepo, mvua na urefu wa mchana vitaamua safari yako kuliko hizo nyuzi za joto mnazoziangalia kwenye simu.

Mimi na mume wangu tuko Dar, tuna wiki moja na kazini wameturuhusu tuchague mwezi wowote. Upi mzuri kuliko yote?

Dada, mna bahati, wengi hawana uhuru huo. Chukueni kuanzia wiki ya tatu ya Aprili hadi katikati ya Mei, au katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Aprili maua ya tulipu yanajaa bustani ya Emirgan na ya Gülhane, yaani vitanda vizima vya rangi moja moja na kuingia ni bure, halafu yakianza kuisha ile miti wanayoiita erguvan inachanua kando ya Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaoukata mji katikati, vilima vinakuwa vya zambarau upande wa Ulaya na upande wa Asia, na hapo ukipanda feri ya kawaida ya abiria pale Eminönü ukakaa nje na kikombe chako cha chai huhitaji kulipia boti ya watalii kabisa. Mei mchana ni kama nyuzi 20 au 21, jioni utataka sweta. Tarehe 1 Mei tu msipange kwenda Taksim, kila mwaka polisi wanafunga barabara za pale na metro haisimami.

Mkiniuliza mimi moyo wangu uko Oktoba. Bahari bado haijapoa sana, watoto wa kule wamesharudi shule, foleni zimepungua, na samaki wamerudi mezani manake meli kubwa za uvuvi zinazuiwa kuanzia katikati ya Aprili mpaka 1 Septemba. Mtu wa pwani ukila palamut wa kuchoma mwezi wa kumi, pale Karaköy au Kadıköy, hutaki tena kusikia habari ya kebabu.

Mimi ni mwalimu Nakuru, nina watoto wawili, likizo ni Aprili, Agosti au Disemba. Agosti si ndo msimu wenyewe?

Mwalimu, Agosti ndo msimu wa watu wote, na hapo ndo shida. Joto lenyewe ni nyuzi 28, 29, mtu wa Mombasa atakwambia mbona kawaida, ila nyie mnatoka Nakuru kwenye baridi ya mwezi wa nane na unyevu wa kule unachosha, halafu foleni za Sultanahmet, mtaa wa majumba na misikiti ya kale, mnasimama juani kwenye mawe matupu hakuna kivuli, mtoto wa miaka sita atakuuliza tunarudi lini hotelini kabla hamjafika mlangoni. Aprili ingewafaa zaidi. Ikibidi iwe Agosti basi geuzeni siku: majumba na misikiti asubuhi mapema, mchana mko kwenye feri kwenda kisiwa cha Büyükada ambako hakuna magari ya watu binafsi na watoto wanaweza kuogelea, mjini mnarudi jioni.

Wenzetu wa Tanzania wenye likizo ya Juni hapa wamependelewa, hasa wiki mbili za mwanzo, manake shule za kule zinafunga kama katikati ya mwezi huo. Na mchana ni mrefu ajabu, jua linazama karibu saa 2 na dakika 40 usiku. Watoto wanaweza kucheza bustanini muda ambao huku kwetu wangekuwa wamelala.

Nataka kuona theluji! Disemba naweza?

Unaweza kuikosa. Theluji Istanbul huanguka siku chache tu kwa mwaka na mara nyingi ni Januari na Februari, kwa hiyo ukinunua tiketi ya Disemba kwa ajili ya theluji peke yake unacheza kamari, utakachokipata kwa uhakika ni mvua kwa sababu Disemba ndo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote.

Na kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Uturuki tangu 2016 hawabadilishi saa, wanatumia saa ileile ya kwetu mwaka mzima, raha kwa kupiga simu nyumbani lakini angalia inavyokuwa winta: mwishoni mwa Disemba jua linachomoza kama saa 2 na dakika 25 asubuhi na linazama saa 11 na nusu na kidogo jioni. Sisi tumezoea saa 12 asubuhi kumepambazuka, ukitoka hotelini muda huo kule ni giza totoro na baridi ya nyuzi 4 na upepo wa kutoka Bahari Nyeusi unapita hadi kwenye mifupa. Una masaa tisa tu ya mwanga, siku tano za safari zinakuwa kama tatu na nusu.

Ukienda hata hivyo, nunua koti zito mitumbani kabla hujaondoka, Kariakoo na Gikomba yako mazuri na watu hawayagombanii, na viatu visivyoingiza maji. Koti la urembo liache. Kunywa salep, kinywaji cha moto cha maziwa, barabarani, nunua chestinati za kuchoma, ingia hamamu. Winta ya kule ina utamu wake, ila iende mtu anayependa kukaa ndani.

Je, Ramadhani ni vibaya kwenda? Mume wangu anasema kila kitu kitakuwa kimefungwa.

Hapana dada, mwambie asiogope. Mikahawa mingi inafanya kazi mchana, makumbusho yako wazi, na usiku ndo mji unafunguka: familia zinafika na vyakula vyao zinakaa kwenye majani pale kati ya Ayasofya (Hagia Sophia, ule msikiti maarufu wa kale) na Msikiti wa Buluu zikingoja adhana, na juu kati ya minara kuna maandishi ya taa wanayoyaita mahya. Mwislamu ambaye hajawahi kufuturu pale, kama uwezo upo, aende. Mwaka 2027 Ramadhani inaanza Februari 8 hivi na mchana ni mfupi, mwanzoni mfungo ni kama masaa 12, pungufu ya kwetu. Baridi tu ndo mjipange nayo.

Cha kuangalia ni Idi zenyewe. Sikukuu zote mbili Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale, inafungwa, watu wanasafiri makwao, barabara na ndege za ndani zinajaa, na tarehe hizi zinarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo usitumie ushauri wa rafiki yako aliyeenda mwaka juzi. Idi kubwa ya 2027 ni katikati ya Mei, ambayo ni ileile Mei ninayoisifia hapo juu, nenda wiki mbili kabla.

Kaka mimi shida yangu sio utalii, nafuata nguo za kuuza Tanga. Msimu gani?

Hapa kalenda ni nyingine kabisa na nimefurahi umeuliza. Mitaa ya nguo za jumla, Laleli, Merter na Osmanbey, wanatanguliza msimu, Januari na Februari baridi bado kali wao wameshatundika nguo nyepesi mpya. Mwezi wa saba na wa nane wanataka kuondoa nguo za joto wapishe makoti, na hapo ndo pako wewe, kwa sababu wateja wako Tanga wanavaa nguo nyepesi miezi yote 12. Mwenzako wa Ulaya akinunua blauzi mwezi wa nane amechelewa, wewe hujachelewa chochote. Ila kama unalenga Idi ndogo, nenda mapema, mzigo uwe umefika na kugomboka kabla Ramadhani haijaanza, kwa hesabu za 2027 uwe umerudi Disemba au mwanzoni mwa Januari.

Jumla wanauza kwa seri, yaani furushi lenye saizi zote, ukifika na hesabu ya pisi moja moja utahangaika. Jumapili usiihesabu, maduka mengi ya jumla hayafungui na Grand Bazaar pia inafungwa.

Novemba nimeona hoteli bei chee sana, kuna nini?

Hakuna kitu kibaya, watalii wameisha tu. Mwanzoni mwa mwezi bado pazuri. Ila ujue lodos, upepo mkali wa kusini unaovuma sana kuanzia vuli yao hadi mwanzo wa masika, ukija feri zinasitishwa siku nzima, kwa hiyo kama hoteli yako iko upande wa Asia, Üsküdar au Kadıköy, hakikisha iko karibu na kituo cha Marmaray, treni inapita chini ya bahari haijali upepo.

Nampeleka mama, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Anataka kuswali Ayasofya tu.

Mpe shikamoo yangu. Mei au mwisho wa Septemba, miezi mingine usijaribu. Baridi inakaza magoti, na yale mawe ya barabarani yakilowa yanateleza halafu mji wote ni vilima. Hoteli iwe Sultanahmet penyewe, sehemu ya juu karibu na kituo cha tramu ya T1, usivutwe na picha nzuri za hoteli za chini kuelekea baharini kwa sababu ule mteremko jioni utakuwa mlima. Ayasofya watalii wanalipa euro 25 na wanapitishwa ghorofani, wanaokwenda kuswali wana mlango wao na wanabaki chini bila kulipa, sasa mama asikate tiketi, aende wakati wa swala akiwa na mtandio wake. Ijumaa panafurika, mpeleke adhuhuri ya Jumatatu au Jumatano, na umtangulize nusu saa kabla ya adhana apate pa kukaa.