Usipandishe hiyo karatasi ya zahanati, mimi nimelala ndani kwa karatasi kama hiyo (Kigoma)

Usipandishe. Nimesoma uzi wako, ndugu wa Kasulu, na nilipofika pale uliposema "mkinijibu leo, napandisha leo" nikasukuma sahani pembeni. Migebuka imepoa, mama watoto ananitazama kama nimefiwa.

Kwa wanaoingia sasa: huyu ndugu katumiwa picha ya hati ya malipo ya jengo la zahanati ya kijijini kwao, jengo ambalo mpaka leo halina milango. Anauliza mambo matatu. Aanzie Facebook au X, atumie jina lake au akaunti bandia, na afanyeje redio ya hapo mjini iibebe habari. Hayo yasubiri. Tuanze na karatasi.

Umeishika? Siulizi picha, nauliza karatasi yenyewe, ile inayonuka vumbi la kabati la ofisi. Kama hujaishika, basi huna karatasi. Una picha uliyorushiwa na mtu ambaye siku ya siku hatakuja kulala na wewe kwenye sakafu.

Mimi nakaa vijiji vya juu ya Mwandiga, kibanda changu kiko soko la Mwanga: uwakala wa pesa, vocha na kuchaji simu. Mwaka 2023 kijijini kwetu tulichimbiwa kisima kirefu, tukawekewa pampu, tangi na vilula sita. Maji yalitoka miezi minne, ndoo shilingi 50, akina mama wakaacha kuamka saa kumi kwenda bondeni. Mwezi wa tano kilula cha karibu na kwangu kikakohoa, kikatoa upepo, kikanyamaza. Tukaambiwa subirini. Tukasubiri. Madumu yakarudi vichwani mwa watoto.

Sasa unajua magrupu yetu ya kijiji yalivyo. Asubuhi salamu za dini, mchana Simba na Yanga, ikifika jioni ni kuisema serikali kwa mafumbo. Hasira ilikuwa ya kweli kabisa, sitaki mtu aje hapa kunambia tulikuwa wachochezi. Ukiwasha redio asubuhi wanakusomea vichwa vya magazeti ya jana, halafu kiongozi fulani "ametoa wito", mwingine "amewataka wananchi kuwa wavumilivu". Hakuna aliyekuja na kipaza sauti kumuuliza bibi anayelipa mtu shilingi 500 amletee dumu moja. Mtu akishakosa pa kusemea, anasemea kwenye simu.

Ndipo akaingia huyu bwana. Jina lake silitaji, na hastahili kutajwa. Ana TV ya mtandaoni, yaani ana simu, mguu wa kusimamishia simu, na kipaza sauti alichokivalisha boksi lenye nembo. Alikuwa mteja wangu wa vocha za mkopo (mpaka leo ananidai salamu, mimi namdai 14,000). Saa mbili usiku akanitumia picha: hati ya malipo, shilingi 48,600,000, maneno "mradi wa kisima", saini na muhuri. Chini akaandika: "Kaka dude hilo. Mimi siwezi kulitoa wa kwanza, nina leseni. Wewe mwananchi, lirushe, mimi nitalifuatia."

Soma tena hayo maneno yake. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, TV kama yake inatakiwa iwe na leseni. Kwa hiyo alikuwa analinda leseni yake kwa mwili wangu. Mimi nikasikia tu neno "mwananchi", kifua kikapanda.

Nikaipandisha Facebook na kwenye grupu. Ningeishia kwenye picha labda ningepona. Hapana, nikaweka na voisi ya dakika tatu. Nilimtaja mtendaji wetu wa kijiji, mama wa makamo, kwa majina yake yote mawili. Nikasema hizo milioni 48 kazila yeye, na kama anabisha ajitokeze. Sauti yenyewe nilikuwa nimeikaza kama mtangazaji wa mpira. Kulipokucha ilikuwa imesambazwa hadi Uvinza, watu wananiita mheshimiwa pale sokoni. Nilitembea siku mbili na nusu kama mbunge.

Ijumaa jioni wakaja vijana wawili wamevaa kiraia. "Kuchaji bei gani?" Nikasema 500. Mmoja akatabasamu: "Tunachukua na ya kwako."

Kituoni nilikaa mbele ya afande ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Hakupiga meza wala kufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alifungua ile picha kwenye simu yangu mwenyewe, akaivuta kwa vidole viwili mpaka muhuri ukajaa kioo. "Soma." Nikasoma. Halmashauri ya mkoa mwingine kabisa! Akasogeza kidogo. "Na hapa?" Tarehe: 2019. Kisima chetu kilikuwa hata hakijaotwa ndotoni. Kwa siku zote nilizokuwa na ile picha, sikuwahi kuikuza. Mimi ninayekagua noti ya 10,000 kwenye mwanga kabla ya kuipokea, nimepokea karatasi ya milioni 48 bila kuitazama.

Akanisomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kinataka uwe umejua kwamba ni uongo na ulikusudia kuchafua au kupotosha. Basi akauliza, "Ulijua?" Nikajibu, "Sikujua." "Uliangalia?" Hapo sikuwa na jibu, na bado sina. Hilo neno "kujua" ndilo lililoniokoa, ila lilichukua wiki sita kuniokoa, na usiku wa kwanza lilikuwa limelala kwao. Mimi nililala na vijana wa bodaboda na mzee mmoja wa kesi ya mbuzi aliyekoroma kama boti ya mwaloni Kibirizi.

Kesho yake shemeji yangu akaja kunidhamini. Afande akamwambia alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji. Umeona inakoelekea? Barua ya kijiji inaandikwa na mtendaji. Mtendaji ni yule mama.

Shemeji anasimulia kwamba alimkuta nyumbani anapepeta mchele. Siku yenyewe Jumamosi, ofisi imefungwa. Yule mama akamsikiliza, akafunga kanga vizuri, akaenda kufungua ofisi. Akaandika barua kwa mkono, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke. Shemeji akatoa 2,000 ya mchango wa ofisi, akairudisha. Alichosema ni kimoja: "Mwambie mimi 2019 nilikuwa sijahamia hata mkoa huu."

Wangenipiga vibao ingekuwa nafuu.

Yule bwana wa kipaza sauti? Alikuwa amefuta ujumbe wake "kwa wote" kabla hata sijafikishwa kituoni. Nilipopata simu ya kuazima nikaangalia grupu: ametoka. Kwenye ukurasa wake, habari ya wiki ilikuwa ziara ya kiongozi fulani, ametoa wito.

Hasara uijue, maana watu mkisikia "aliachiwa" mnadhani ni bure. Simu ilibaki kituoni kama kielelezo, na kwa uvivu wangu laini ya uwakala ilikuwa humohumo. Floti, yaani pesa ya kuzungushia uwakala, 1,340,000 ikakaa ndani naitazama kwa mbali kama samaki wa watu. Wateja wakahamia kibanda cha jirani, wengine hawajarudi. Kila Jumatatu kuripoti. Wakili laki tatu na nusu, tena kwa huruma. Mwisho yule mama akakubali yaishe, kwa sharti niombe radhi kwenye grupu lilelile, kwa voisi, kwa sauti ileile. "Ile ya mpira," alisema. Nikairekodi mara tisa.

Hayo yote nayaweka upande mmoja. Hili la sasa ndilo linaloniamsha usiku. Wakati mimi nakwenda na kurudi kituoni, kijiji kizima kikawa kinabishana karatasi ni ya kweli au ya uongo, mama kala au hakula, mimi nimetumwa na chama gani. Hakuna aliyeuliza pampu ina nini. Pampu ilikuwa imeungua mota. Na mkataba wa mkandarasi ulikuwa na kipindi cha matazamio cha miezi 12, maana yake kikiharibika kitu ndani ya muda huo kwa ubovu wa kazi yake, anarudi kutengeneza kwa gharama zake. Miezi hiyo iliishia katikati ya kesi yangu. Siku 19 baada ya kuisha ndipo mtu akakumbuka kumwandikia barua, naye akajibu kwa adabu sana kwamba muda umepita. Kila kaya ikachangishwa 12,000. Mjane na mwenye duka, kiasi kilekile. Leo maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na kuna mtoto wa jirani akiniona na ndoo kwenye foleni anasema kwa sauti, "Mheshimiwa pita mbele."

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka admini anifungie: piga picha mlango ambao haupo. Achana na mwizi. Simama mbele ya hiyo zahanati yako, piga ukuta, piga tundu la mlango, piga mbuzi aliyelala chumba cha kujifungulia kama yumo. Andika tarehe, saa, jina la kijiji na ulichokiona kwa macho yako. Halafu uliza: jengo lilianza lini, lilipaswa kuisha lini, mkandarasi yuko ndani ya matazamio? Jina la mtu usiandike. Kiasi cha pesa usiandike kama hujakisoma kwenye karatasi uliyoishika. Tundu la mlango halina muhuri wa mkoa mwingine.

Na karatasi ukiitaka, iombe. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wengi hatuijui kwa sababu haina vichekesho. Unaandika barua nakala mbili, unapeleka ofisini, nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Mimi niliitumia baada ya moto kuzimika, ndipo nikaupata huo mkataba nikaona ile miezi 12 imeandikwa ukurasa wa nne, wazi, herufi kubwa tu. Ulikuwa pale siku zote, ofisini kwa yule mama niliyemtukana. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Nenda, nyoosha mkono, uliza, hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari. Nilikuwa siendi. Nilikuwa naona mikutano ni ya wazee, mimi nina bando.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme nimenunuliwa, nimekuwa mpole. Mkuu, hasira ya mwananchi na vyombo vya habari Kigoma haikuanza na simu zenu. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 Dk. Aman Walid Kabourou, mgombea wa upinzani, alikwenda mahakamani na matokeo yakabatilishwa, na miongoni mwa hoja ilikuwa Redio Tanzania kuelemea upande mmoja. Redio ya taifa, mjue! Alikwenda na ushahidi wa kusimama nao mbele ya jaji. Hakupeleka voisi ya dakika tatu.

Akaunti bandia nayo usijidanganye. Laini yako ina alama za vidole vyako na kitambulisho cha Taifa; laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Jina bandia litakuficha kwa shemeji yako na jirani zako, basi. Wale vijana wa kuchaji simu hawakuniuliza jina.

Yule mama alihamishwa mwaka jana. Kabla hajaondoka alikuja kibandani kutoa 60,000. Nikahesabu, nikampa. Akahesabu mbele yangu, akahesabu tena, akaweka kwenye pochi, akasema asante baba. Ana haki ya kuhesabu mara mbili.

Sasa fanya hivi, kabla hujagusa kitu kingine. Fungua hiyo picha, ivute mpaka muhuri ujae kioo, uje uandike hapahapa umesoma halmashauri gani na mwaka gani. Niko macho mpaka saa sita, migebuka inapashwa moto.