Kununua leseni ya Windows hakukupi msimbo wake

Kaka, umeuliza kama leseni za Windows mlizonunulia kompyuta za ofisi yenu ya kliaringi hapo Moi Avenue zinawapa haki ya kuuona msimbo chanzo, yaani maandishi ya watengenezaji ambayo programu hutengenezwa kutokana nayo. Hapana, mlichonunua ni ruhusa ya kutumia tu. Microsoft huwaonyesha wachache, zikiwemo serikali zilizo kwenye mpango wake ulioanza 2003, na kuonyeshwa si kuruhusiwa kuubadilisha wala kuusambaza.

Linux, mfumo endeshi mwingine unaoweza kutumika badala ya Windows, ni habari nyingine. Kiini chake (sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine) kiko chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2: anayekuuzia programu iliyo tayari kutumika lazima akupe na msimbo wake, au ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3. Hata kiini cha simu yako ya Android, ambacho ni cha Linux, kinabanwa na sharti hilo. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, usome maelezo ya kisheria.

Wengi huchanganya hapa: GPL haikatazi biashara hata kidogo. Kampuni ya Red Hat wanauza usajili wa RHEL, toleo lao la Linux, na tangu Juni 2023 msimbo wanaouweka hadharani ni wa CentOS Stream, toleo linaloitangulia RHEL, huku wateja wakipata wa RHEL kupitia akaunti zao. Binafsi naona hatua ile iliwaumiza watumiaji wadogo.

Mkiamua kuhamia Linux, mwambieni muuzaji aandike jina la leseni kwenye kotesheni.